Uji wa Bi Kinu

Kila mtu ana kitu chake cha kuringia. Kuna anayeringia gari, kuna anayeringia watoto, na katika maabara ya hospitali moja kubwa alikuwepo mama aliyeringia kusaga maini. Walimwita Bi Kinu, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na tisa alipokea vipande vya ini visivyozidi punje ya mchele, vilivyochomolewa kwa sindano tumboni mwa wagonjwa, akavisaga kwa mchi wa kioo ndani ya mrija uliozamishwa kwenye barafu, mpaka vikawa uji laini usio na chenga hata moja. Kisha alipima: kimeng'enya fulani kipo au hakipo, kinafanya kazi au kimelala. Akishaandika, hakuna daktari aliyebisha. "Uji wa Bi Kinu hausemi uongo," walisema, naye hujifanya hasikii huku anatabasamu. Wahenga walishaonya kuhusu mgema anayesifiwa, lakini Bi Kinu hakuwa mtu wa tembo, kwa hiyo hakudhani kama methali ile inamhusu.

Nje ya mlango wa maabara kulikuwa na benchi la mbao, mahali penye ubaridi mzuri. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikaa hapo mama mmoja mnene, mpole, mwenye mkoba mweusi mapajani, akimsubiri mwanawe aliyefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu chumba cha tatu. Mwana huyo alikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, na hospitali nzima ilimjua kama Fundi Saa, kwa sababu hata akiwa na mipira ya kupitishia damu mkononi, manesi walimletea saa zao zilizosimama, akazifungua kwa mkono mmoja.

Jumatatu moja Bi Kinu alipotoka kwenda kunywa chai, mama Fundi Saa alimshika mkono.

"Mwanangu, Alhamisi ndiyo siku yenyewe. Dada yake anampa figo."

"Hee! Dada yake? Si walikuwa hawasemezani?"

"Miaka mitatu, mwanangu. Sasa wamepatana. Damu nzito kuliko maji." Mama alijifuta jasho shingoni. "Lakini mimi bado nasema neno langu lile. Mwaka ule alioumwa kifua, miezi sita mizima, hakutoa jiwe hata moja. Hata moja! Kabla yake mawe, baada yake mawe. Pale katikati, hakuna."

"Ndiyo, mama," alisema Bi Kinu, kwa sauti ile tunayowajibu wazazi wanaporudia hadithi, akaenda zake kwenye chai.

Habari ya familia ile aliijua, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na ukurasa wake ndani ya faili. Fundi Saa alianza kutoa mawe ya figo akiwa na miaka tisa. Alipofika ishirini na moja, figo zake zilikuwa zinakaribia kufa, na madaktari wakaanza kushuku ini. Maana upo ugonjwa mmoja adimu ambao ini hukosa kimeng'enya cha kuzuia sumu iitwayo oksaleti. Oksaleti ikizidi, hukutana na chokaa ya mwilini, na figo hujaa mawe mpaka inageuka kokoto. Wakachukua kipande cha ini, wakakileta kwa Bi Kinu. Bi Kinu akasaga, akapima, akakikuta kimeng'enya. Kilikuwa kimepungua kidogo, lakini hata watu wazima wa afya hupungukiwa hivyo. Akaandika kwa mkono wake: *Kimeng'enya kipo, kinafanya kazi. Ini halina kosa.*

Basi kama ini halina kosa, kosa ni la nani? La kijana, bila shaka. Hanywi maji ya kutosha. Anakula alivyokatazwa. Mama yake akampa figo yake moja, na tangu siku hiyo dada, mwalimu wa shule mwenye mkono mkali, akawa askari wa maji. Alimpimia kaka yake chupa nne kila siku, na kila akimaliza kikombe ilimbidi akipindue mbele yake, dada aone kwamba hakuna tone lililobaki. Figo ya mama ilidumu miezi kumi na minne. Walipoitoa ilikuwa imejaa chembe ngumu kila pembe. Siku hiyo dada alisimama katikati ya wodi akamwambia kaka yake, "Umekula figo ya mama." Hakumsemesha tena kwa miaka mitatu.

Na kijana? Kijana alinyamaza. Mwisho alianza hata yeye kujishuku, kwamba labda kweli kuna vikombe alivyovimwaga akasahau.

Jumanne asubuhi Bi Kinu alikaa mbele ya hadubini mpya akiwa amenuna. Hadubini hiyo ya elektroni ilikuwa na miezi sita tangu ifike, nayo ilikuza kitu mpaka ukaona vyumba vya ndani ya seli moja. Mkuu wa maabara alitaka kila mtu ajifunze kuitumia. Bi Kinu aliiona kama mke mwenza. Lakini amri ni amri, na masharti ya mafunzo yalisema uanze na ini zima kabla ya kuingia kwenye magonjwa.

Hakuwa na shida ya maini mazima. Kila kipande alichowahi kusaga alikikata kwanza ukingo mdogo, akaugandisha ndani ya gundi ngumu, akauhifadhi kwa namba bila jina. Alifungua kabati, akavuta boksi lililoandikwa *Halina kosa*, akachomoa namba 318. Alilichagua kwa sababu lilikatwa vizuri, basi. Akalikata tabaka jembamba, akalimwagia kingamwili zinazokitafuta kimeng'enya kile cha oksaleti na kukiganda, zikiwa zimebandikwa chembe za dhahabu. Mahali kilipo, hadubini huonyesha nukta nyeusi.

Nyumba ya kimeng'enya hicho inajulikana. Hukaa kwenye vifuko vidogo ndani ya seli za ini viitwavyo peroksisomu, ambamo ndimo malighafi ya oksaleti hutengenezwa, ili ikitokea tu, imalizwe palepale. Bi Kinu alitafuta vifuko hivyo kwenye kioo, akaviona. Vilikuwa vyeupe. Hakuna nukta.

"Nimekosea dawa," alijisemea.

Akasogeza picha pembeni. Hapo ndipo alipopigwa na butwaa. Nukta zilikuwepo, tele, lakini zilikuwa zimejazana ndani ya mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli, mahali ambapo kimeng'enya hicho hakina shughuli yoyote. Akasogeza tena, mitokondria nyingine, nukta. Nyingine, nukta. Kila alikokwenda zilikuwa ndani, zimejaa, kana kwamba mtaa mzima umehamia nyumba ya jirani na kuacha kwao wazi.

Alichukua ini jingine kutoka boksi lilelile, akarudia kazi yote, dawa ileile. Hilo lilionyesha nukta ndani ya vifuko, palepale zinapotakiwa. Akarudia 318 kwa tabaka jipya. Mitokondria. Ilipofika saa saba mchana alikuwa hajala.

Alikuwa amesoma jambo hili kwenye kozi, ukurasa mmoja, akaufunika. Protini nyingi za mitokondria hazitengenezwi humo. Hutengenezwa nje, kwenye uwanja wa seli, kila moja ikiwa na kibandiko kichwani cha kuonyesha inakokwenda. Mitokondria ina mlango wake na mabawabu wake. Wanasoma kibandiko, wanaivuta protini kichwa kwanza. Na mlango ni mwembamba: hupita tu iliyonyooka kama uzi. Ikishajikunja umbo lake la kazi, haipiti tena. Sasa wapo watu waliozaliwa na kasoro mbili ndogo katika kimeng'enya hiki kimoja. Ya kwanza hukipa kichwa kinachofanana na kibandiko cha mitokondria. Ya pili hukifanya kichelewe kujikunja. Kinabaki kimenyooka uwanjani, na kichwa kinachofanana, na mabawabu wanakivuta ndani. Kule ndani kinajikunja vizuri, kizima kabisa, kinakaa bila kazi. Na sumu inaendelea kutengenezwa kule kulikobaki bila mlinzi.

Kizima kabisa! Hilo ndilo lililomkata maini. Kwa sababu ukikisaga, utakikuta. Ukibomoa nyumba zote za mtaa na kuwakusanya watu uwanjani, utawahesabu vizuri tu, lakini hutajua nani alikuwa amelala kwa nani. Na hakuna aliyewahi kubomoa nyumba vizuri kama Bi Kinu.

Alifungua daftari la namba. Kidole kilishuka: 316, 317, 318. Fundi Saa.

Kalamu ilimwanguka. Alikaa chini sakafuni palepale, kati ya kabati na friji, mtu mzima na koti lake jeupe. Keshokutwa Alhamisi. Dada atafunguliwa ubavu, figo nzima ya mwanamke wa miaka thelathini itatolewa, itapachikwa kwenye mwili ambao ini lake linaendelea kumwaga sumu, nayo itageuka kokoto kama ya mama. Yote kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa na mkono huu.

Daktari wa figo alikuwa anatia sahihi fomu za upasuaji Bi Kinu alipoingia bila kubisha hodi. Alimwekea picha mbili mezani, akaeleza. Daktari alisikiliza huku anazidi kukunja uso.

"Haiwezekani. Bi Kinu, wewe mwenyewe uliandika kipo."

"Kipo. Ila si nyumbani kwake."

"Miaka mitano iliyopita nilikuuliza kwa mdomo. Nilikuuliza, una hakika? Ukaniambia, daktari, uji wangu..."

"Nilisaga, daktari! Nilisaga mpaka nikafuta kila kitu. Usinirudishie maneno yangu, najua nilivyosema." "Ahirisha. Nakuomba kwa heshima zote, ahirisha."

Daktari alizitazama picha moja moja. Kisha alivuta kitabu kinene rafuni, akafunua, akasoma kwa kidole mstari kwa mstari. Alipofika katikati ya ukurasa kidole kilisimama.

"Wenye aina hii hasa," alisema polepole, "wengi wao huitikia vitamini B6. Kimeng'enya hukihitaji ili kisimame imara. Kikiipata kwa wingi hujikunja mapema, na kikishajikunja..."

"Hakipiti mlangoni mwa mitokondria," alimalizia Bi Kinu. "Kinakwenda kwake."

"Vitamini, Bi Kinu. Kidonge cha vitamini."

Hapo Bi Kinu aliisikia tena sauti ya mama wa benchini.

"Daktari. Alipougua kifua, alitibiwa nini?"

"Kifua kikuu. Dawa za kawaida, miezi sita."

"Na pamoja nazo? Ili vidole visife ganzi, huwa mnawapa nini?"

Daktari alilivuta faili la Fundi Saa, akarudi nyuma mpaka kurasa za mwanzo zilizogeuka rangi, akatafuta orodha ya dawa. Akaipata. Alilisukuma faili kwa Bi Kinu kana kwamba linaunguza. B6, kila siku, miezi sita. Imesimamishwa baada ya kupona.

"Mama yake alituambia," alisema daktari. "Kila kliniki alituambia. Nilikuwa namwitikia tu."

Bi Kinu alikuwa amefunua ukurasa wake mwenyewe. Chini ya majibu, sehemu ya maoni, palikuwa na mstari aliousahau. Siku ile ya kipimo mama alimwomba aandike habari ya miezi sita, ili wakubwa waone. Naye aliandika: *Maelezo ya mama hayahusiani na kipimo.*

"Kesho nitawaambia," alisema daktari. "Nitasema hadubini mpya imegundua. Si uongo. Wewe huna haja ya kuwepo."

Ulikuwa mlango mzuri wa kutokea, na Bi Kinu aliutazama, nisimsingizie utakatifu. Usiku kucha aliutazama. Lakini Jumatano asubuhi alikuwepo chumba cha tatu kabla ya daktari.

Mashine ilikuwa inanguruma. Fundi Saa alikuwa kwenye kiti chake, saa ya nesi wazi kwenye trei. Dada alikuwa amekwisha kufika na begi la kulala wodini, kandambili mpya zinachungulia kwenye zipu. Mama alikuwa kati yao, mkoba mapajani.

Daktari alisema kwamba kesho hakuna upasuaji. Dada akasimama. "Kwa nini? Figo yangu haifai?"

"Figo yako ni nzima, mwalimu. Ingekufa kama ya mama."

Kisha Bi Kinu alieleza mengine, kwa maneno mepesi, bila kujipaka mafuta. Kwamba ini la kijana linatengeneza kila kinachotakiwa, lakini kinaingizwa nyumba isiyo yake. Kwamba yeye alisaga na hakuona. Kwamba maji ya kunywa, hata angekunywa mto mzima, yasingeokoa figo ile. Kwamba sasa atapewa kidonge, na baada ya miezi kadhaa damu itapimwa. Sumu ikishuka, figo ya dada inaweza kupachikwa na kuishi.

"Kidonge gani?" aliuliza mama.

"Vitamini B6, mama. Kile alichopewa mwaka alioumwa kifua."

Bisibisi ndogo ya saa ilimponyoka Fundi Saa, ikagonga trei, ikadondoka sakafuni.

"Kwa hiyo maji nilikuwa nakunywa," alisema kijana. Hakumwambia mtu. "Nilikuwa nakunywa kweli."

Dada alikaa juu ya begi lake kana kwamba kiti kimeondolewa.

Mama peke yake hakutikisika. Aliwatazama wale wawili wenye makoti meupe kama mtu anayeangalia watoto waliovunja chombo. "Nilisema," alisema. "Nilisema mpaka mate yakanikauka. Ni nani aliandika kwamba maneno yangu hayahusiani? Nilisomewa siku ile, sijasahau."

"Ni mimi, mama."

Bi Kinu alisubiri tusi. Alisubiri hata kofi, na angelipokea. Mama alimtazama mpaka machozi ya Bi Kinu yakaanza kumtoka yenyewe.

"Figo yangu siidai," alisema mama. "Niliitoa kwa moyo mmoja, na ya pili ningeitoa kama mtu angeweza kuishi bila. Lakini maneno yale nayadai. Yafute."

Bi Kinu alifungua faili juu ya paja, akaukata kwa kalamu mstari wake wa zamani. Kisha akaandika chini yake.

"Soma."

"'Mama alisema kwamba miezi sita hiyo mgonjwa hakutoa jiwe. Mama alikuwa sahihi. Maabara ilikosea.'"

"Tia sahihi."

Akatia. Mama akaitikia kwa kichwa mara moja, kisha ndipo uso ulipomvunjika, akajifunika kwa mkoba wake mweusi, mabega yakatikisika bila sauti.

Nesi alileta kidonge kwenye kifuniko cha plastiki. Kilikuwa kidogo, cheupe, cha kawaida. Dada aliinuka akaenda kwenye mtungi, akarudi na kikombe chenye mafunda mawili tu, maana mtu wa mashine hapewi maji mengi. Alimpa kaka yake bila kumtazama usoni.

Fundi Saa alikitia kidonge mdomoni, akanywa. Kisha, kwa mazoea, akanyoosha mkono mbele ya dada yake na kukipindua kikombe, aone kwamba hakuna tone lililobaki.

"Usinionyeshe," alisema dada, akakinyakua kikombe kwa mikono miwili na kupiga magoti pale kwenye mipira ya damu. "Kaka yangu, nakuomba, usinionyeshe tena."